Anauza mantra ya kuvuta wateja laki na nusu, nitume hela?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi nauza vitenge hapa soko la Majengo Dodoma, biashara imekuwa ngumu kweli. Kuna jamaa nimempata fesibuku anasema ana mantra, yale maneno ya dua ya Kihindi, ya kuvuta wateja, eti ameshaiombea na kuitia nguvu, mi kazi yangu ni kumtumia laki na nusu anitumie karatasi nibandike mlangoni basi. Nilitaka kumpuuza ila niliwahi kumwona Mhindi ninayechukua mzigo kwake anafanyia ibada daftari la hesabu, na yule hela anayo. Je wenyewe ndo wanavyofanya? – Mama Vitenge, Majengo.

JIBU: Mama Vitenge pole na soko. Tuanze na huyo wa mzigo, maana ulichokiona kwake hakina ujanja wowote. Ile ni puja, yaani ibada, ya madaftari, wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat wanaifanya Diwali, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kwa sababu mwaka wao mpya ndo unaingia. Daftari jipya linafunguliwa, wanaandika Shubh na Labh yaani heri na faida, wanachora swastika kwa unga mwekundu, juu wanaweka jani la tambuu na sarafu, afu wanamwomba Ganesha aondoe vikwazo na Lakshmi alete mali. Siku hizi wengine wanaweka laptop, nayo inapakwa unga. Na kuomba faida kwao sio aibu hata kidogo, mali ni moja ya malengo manne ya maisha ya binadamu, na kwenye Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu wao Krishna anawataja wanaomwendea kwa sababu ya shida na wanaomwendea wakitaka mali, wote anawahesabu watu wema.

Sasa mantra. Ni kweli zipo za mambo ya dunia, za mali, ndoa, mtoto, kesi, hata za kumtuliza adui, na ni kweli lazima kwanza ziamshwe, ila hapo kwenye kuamshwa ndo jamaa yako anapokwama. Kwa utaratibu wa zamani unapewa mantra na guru wako, yaani mwalimu wako wa dini, kwa mdomo, afu unairudia wewe, laki moja kwa kila silabi. Chukua ile ya Shiva, na-ma-shi-va-ya, silabi tano, hiyo ni laki tano. Unahesabu kwa tasbihi ya punje 108, unavuta kwa dole gumba na kidole cha kati, cha shahada hakigusi, ukifika punje kubwa huivuki unageuza unarudi. Ukipiga mizunguko kumi kwa siku, wao wanaihesabu elfu moja, utamaliza siku 500! Hujamaliza bado, unamimina samli kwenye moto mara 50,000, unatoa maji mara 5,000, unajinyunyizia mara 500, mwisho unalisha watu 50. Muda wote huo chakula ni cha kiasi na chumbani kila mtu kivyake, kwa hiyo mzee wako naye aulizwe.

Nisimwonee lakini, kuna njia ya kufanyiwa. Kuhani wa hekaluni anaweza kukusomea wewe ukiwa na shughuli zako, na sadaka anapewa, hiyo ni kawaida kabisa. Ila kabla hajaanza anashika maji mkononi anataja jina lako, ukoo wako, mahali, tarehe na unachokiomba, ndo kazi inahesabika ni yako. Huyo wa fesibuku amekuuliza nini zaidi ya namba ya kutumia hela? Karatasi aliyoiandaa kabla hajakujua, anayomuuzia na muuza vitenge mwenzio wa meza ya pili, hapo inamvuta mteja kwa nani?

Usitume. Kama umeshatanguliza chochote, namba yake iripoti kwa meseji kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa mitandao ya simu, na usimwambie kama umeiripoti.