Mtu wa kemia ataingiaje kwenye mambo ya RNA?

SWALI: Habari za kazi. Nina digrii ya kemia na natamani kufanya masta kwenye dawa za RNA, ile molekuli inayobeba maelekezo ya jeni ndani ya seli, ila jamaa zangu wanasema hayo ni ya watu wa bayolojia, mkemia huko ataosha vyombo tu. Nianze upya bayolojia?

JIBU: Ndugu yangu usianze upya chochote. Kuitengeneza RNA siku hizi sio ishu kubwa, ishu ni kuifikisha ndani ya seli ikiwa nzima na hapo ndo penye mkemia. Ukiichoma kwa sindano ikiwa tupu, vimeng'enya vya kwenye damu vinaikatakata chapuchapu, na hata ikipona ni likitu likubwa lenye chaji hasi, utando wa seli unaikatalia. Ndo maana inafungwa kwenye vitone vya mafuta vya kama nanomita 100: lipidi aina nne kwenye ethanoli, RNA kwenye maji yenye asidi, unachanganya haraka vinajifunga vyenyewe. Lipidi moja kati ya hizo ndo fundi mwenyewe, kwenye damu inatulia karibu haina chaji, seli ikishameza kitone asidi inaongezeka kwenye kifuko kilichokibeba, lipidi inapata chaji chanya, utando unavurugika na RNA inaponyoka. Sa molekuli yenye tabia hiyo ataibuni nani kama si mtu wa kemia ogania?

Na bado kazi haijaisha, maana inayoponyoka ni kidogo mno, nyingi inasagwa humohumo. Halafu vitone hivi vikiingia kwenye mshipa vinakimbilia ini, ndo maana patisiran, dawa ya kwanza ya siRNA (vipande vifupi vya RNA vya kuzima jeni) kuruhusiwa Marekani mwaka 2018, shabaha yake ni ini. Ubongo je? Huko ndo kwenye kizaazaa.

Wewe ongezea tu kukuza seli, na uzoee glavu, vidole vyetu vina vimeng'enya vya kula RNA, ukigusa tu mdomo wa kichupa sampuli imekwenda.

SWALI: Nasikia Katalin Karikó, yule mtafiti wa RNA, alihangaika sana kabla ya Nobel. Inanitisha kiukweli.

JIBU: Ni kweli, 1995 alishushwa cheo chuoni sababu pesa za utafiti hazikuja, na ile pepa yake na mtafiti mwenzake Drew Weissman ya 2005, iliyoonyesha kwamba ukibadilisha herufi za RNA kidogo mwili hauishambulii sana, wengi waliipita tu. Nobel imekuja 2023! Mimi namheshimu mno ila sikushauri umuige kwenye hilo la kukaa bila pesa. Tafuta msimamizi ambaye fedha zake zipo tayari, waulize wanafunzi wake wa zamani wako wapi sasa hivi, na viwandani usipadharau, anayeweza kutengeneza lipidi safi kwa wingi na kupima ubora wake anatafutwa kweli. Mkataba ukija, angalia kwanza ni wa muda gani.