Vikombe vya joka vya bibi: mjomba na mnunuzi, nani mkweli?

SWALI: Shikamoo. Niko Tukuyu, bibi yetu katuachia seti ya chai ya kijivu, birika, chombo cha sukari na vikombe vitano na visosi vyake, vina joka limevimba yani ukipapasa unalisikia, alafu ukiinua kikombe kwenye mwanga unaona sura ya mwanamke kule chini ndani. Nyuma pana muhuri mwekundu Made in Japan. Mjomba anasema vina miaka 200 ni mamilioni hayo, jamaa wa vitu used pale Mwanjelwa anasema ni vya Mchina atanipa elfu kumi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Usimsikilize yeyote kati yao.

Miaka 200 haiwezekani, maana kipindi hicho Japani ilikuwa imefunga milango, Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara ni Waholanzi tu, tena pale Nagasaki tu, nani angegonga muhuri wa Kiingereza? Marekani walianza 1891 kudai bidhaa ya nje iandikwe nchi ilikotoka, Wajapani wakawa wanaandika Nippon, ilipofika 1921 wakaambiwa waandike Japan. Kwa iyo chako ni cha baada ya hapo. Kingeandikwa Occupied Japan tungejua ni cha baada ya Vita ya Pili ya Dunia, wakati Wamarekani wanaikalia Japani, ukaliaji ulioisha 1952.

Na sio cha Mchina. Iyo sura haijachorwa kwa rangi, ni udongo wenyewe, penye wembamba mwanga unapita na penye unene panabaki giza, inaitwa lithofani, na ikikaa pamoja na joka la kuvimba ni kazi ya Japani kabisa. Joka linapandishwa kwa uji wa udongo, wenyewe wanaita moriage. Sasa hapo ndo pa kukaa napo: chukua lensi, weka vikombe viwili pamoja, angalia magamba na kucha. Likiwa la mkono wa fundi makini magamba yanahesabika na kila joka lina mkunjo wake, kama vyungu vya Wakisi pale Matema huwezi kupata viwili sawasawa, ila likiwa limepitishwa harakaharaka ni mistari tu na madoa, hizo zilitoka nyingi sana baada ya vita. Kwenye maua au dhahabu ukiona vidoti vidogo vilivyopangana ujue ni stika imechomwa kwenye tanuru, sio brashi.

Bei: seti za namna hii zipo nyingi duniani, zinauzwa makumi ya dola, sio maelfu. Ufa hata wa unywele unashusha sana, gonga kila kikombe taratibu kwa ukucha, kizima kinalia muda, chenye ufa kinakata sauti. Usisugue kwa stilwaya, na usiviweke maikrowevu kama vina dhahabu. Tafuta na kikombe cha sita kwa ndugu, kwenye misiba vyombo huwa vinagawanyika, kikipatikana seti inakamilika na bei inapanda. Ila huyo wa elfu kumi mwambie hapana.