Kabla ya Kumtafuta Simba, Uliza Mlima: Ushauri kwa Anayekwenda Ngorongoro na Lengai

Watanzania wengi wanaokwenda Ngorongoro hurudi na hesabu: simba wanne, tembo wawili, faru mmoja kwa mbali. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ila kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwapeleka huko ndugu, wanafunzi na marafiki, nimeona wanaofurahi zaidi, na ambao bado wanaisimulia safari hiyo miaka ikipita, ni wale waliouliza ilikuwaje nchi ile ikawa hivyo. Simba anaweza kulala kichakani kutwa nzima usimwone. Mlima uko palepale, na ndiye aliyemleta huyo simba.

Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Nyanda za majani mafupi kuanzia Ndutu hadi Serengeti zimefunikwa na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Majivu yale yana madini mengi, na chini yake kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti inashindwa kulipenya. Ndiyo maana hakuna msitu pale, kuna majani tu, tena majani yenye kalsiamu na fosforasi anayoihitaji nyumbu anayenyonyesha. Nyumbu huzaa hapo kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, na chui, duma, fisi na simba huwafuata. Ukilijua hilo, hata kundi la nyumbu waliosimama tu wakila unaliangalia kwa macho mengine.

Eneo lenyewe lina heshima yake rasmi. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, yaani eneo linalotunzwa kwa ajili ya miamba na maumbile ya ardhi yake, ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara na ya pili Afrika baada ya M'Goun ya Morocco. Ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 12,000, ndani ya wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Maana yake ni kwamba jiopaki siyo geti na uzio peke yake. Ina vijiji, mashamba ya kahawa, maboma ya Wamaasai, minada na barabara za vumbi. Siku hizi utasikia wahusika wakiuita utalii wa namna hii utalii wa miamba, na jina hilo limekaa vizuri.

Ushauri wangu wa kwanza: msilale kwenye gari baada ya Makuyuni. Safari inaanzia Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Wengi hapo wananunua ndizi nyekundu na kuendelea. Nunua ndizi, lakini kisha inua macho. Ukuta ule unaonyesha mahali ambapo ardhi ilipasuka na upande mmoja ukashuka. Maji ya mvua inayonyesha huko juu milimani huzama katika miamba ya volkano, yakatembea chini kwa chini, na kutokeza miguuni mwa ukuta kama chemchemi. Chemchemi hizo ndizo zinazoulisha msitu mnene wa Manyara katika nchi ambayo vinginevyo ingekuwa ya migunga na vumbi, na migomba ya Mto wa Mbu inanufaika na maji hayohayo. Mkipanda kona za juu, mwombeni dereva asimame mahali pa kuangalilia. Ziwa Manyara likiwa chini yenu, mtoto wa darasa la tano ataelewa Bonde la Ufa kuliko kwa kusoma ukurasa wowote.

Kutoka hapo hadi Karatu angalia rangi ya udongo. Wekundu ule ni chuma kilichomo kwenye miamba ya volkano iliyooza kwa miaka mingi. Kahawa ya Oldeani inaota humo.

Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro watu hupiga picha dakika tano na kuanza kuharakisha kushuka kwa kuhofia muda wa geti. Mimi nasema kaeni. Kama mna siku moja tu, punguzeni hata saa moja ya kuzunguka kule chini mkae juu. Mnachokitazama ni mlima mkubwa sana ambao haupo tena. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, tope la moto lililokuwa chini yake lilitoka, chumba chake kikabaki kitupu, na kilele kikadidimia ndani, kama paa la tembe ambalo nguzo zake zimeng'olewa. Kilichobaki ni sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260 na kuta zinazoshuka mita 600 hivi. Kijiolojia ni kaldera, na duniani hakuna nyingine kubwa kama hiyo ambayo kuta zake ni nzima na haikujaa maji.

Mkiwa juu hapo, fuateni safari ya maji. Mawingu yanatoka mashariki, yanagonga nyanda za juu, yanamwaga mvua upande wa Karatu. Ndiyo maana barabara ya kupanda kutoka lango la Lodoare inapita kwenye msitu wenye ukungu na nguo zinalowa. Upande wa magharibi mvua imeshakwisha, na mkishuka kuelekea Oldupai mnakuta ukame. Ndani ya kreta, mto Munge unashuka kutoka kreta ya Olmoti na kuingia Ziwa Magadi, ambalo halina mto wa kutoka. Maji yanakauka, chumvi inabaki, heroe wanakuja kula. Nikishawaeleza watu haya, huwa hawaulizi tena kwa nini ziwa lile ni la chumvi ilhali mto unaoliingia ni wa maji baridi.

Oldupai nayo isiwe kituo cha chooni tu njiani kwenda Serengeti. Ingieni makumbusho, msikilizeni mwongozaji pale kwenye banda la kuangalilia, kisha ombeni kushuka bondeni naye. Kuta za bonde zimepangika kwa matabaka: jiwe jeusi la volkano chini kabisa, juu yake matabaka ya ziwa la kale na majivu, halafu lile tabaka jekundu ambalo limebaki limesimama kama ngome katikati ya bonde na ndilo linalopigwa picha na kila mtu. Mary Leakey aliona fuvu la zamadamu Zinjanthropus hapo tarehe 17 Julai 1959. Kinachosahaulika ni kwamba majivu ya volkano ndiyo yaliyowezesha kujua umri wake. Wanasayansi walipima potasiamu na agoni, gesi inayotokana na potasiamu kadiri miaka inavyopita, katika majivu yaliyokuwa kwenye tabaka hilo, wakapata takribani miaka milioni 1.75. Bila milima ile kulipuka, fuvu lingekuwa mfupa wa kale usio na tarehe. Nyayo za zamadamu za Laetoli, za miaka milioni 3.6, nazo zilihifadhiwa na majivu yaliyoloweshwa na mvua yakaganda. Zenyewe zimefukiwa ili zisiharibike, kwa hiyo nakala yake iangalieni makumbusho.

Si mbali na hapo kuna Mchanga Unaohama, na hapa nawaomba mbebe sumaku. Shangazi yangu alibeba ya spika mbovu ya redio, baada ya mimi kumsumbua sana. Aliishusha karibu na ule mchanga mweusi na punje zikaruka kuishika, zikasimama wima mithili ya manyoya. Alinyamaza kidogo, akafuta sumaku kwa kanga, akajaribu tena. Mchanga ule ni majivu ya Lengai yenye chuma, na chembe zake hushikamana. Upepo unavuma kutoka mashariki karibu wakati wote, unasukuma punje kutoka mgongoni hadi upande wa mbele, na kilima kizima, chenye umbo la mwezi mwandamo, kinasogea zaidi ya mita kumi kwa mwaka. Pembeni kuna alama zilizoandikwa mwaka kuonyesha kilipokuwa zamani. Tembeeni kutoka alama moja hadi nyingine. Msikipande wala kuteleza juu yake. Wamaasai wanakiheshimu kilima hicho, na nyayo nyingi zinaharibu umbo ambalo upepo umelitengeneza. Mkimaliza na sumaku, punje zirudisheni chini.

Sasa Ziwa Natron na Lengai. Huku ndiko moyo wangu uliko, na huku ndiko ushauri unapaswa kuwa mkali zaidi.

Ol Doinyo Lengai una urefu wa mita 2,962, na ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina yake: lava ya kabonati ya sodiamu. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi. Ya Lengai ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, nyepesi, nyeusi, inatiririka haraka. Ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Kwa hiyo weupe unaouona kileleni ukiwa barabarani siyo theluji. Ni jamaa wa magadi. Shangazi huyohuyo, tulipofika ufukweni mwa Ziwa Natron, aliokota kipande cha ukoko mweupe, akakinusa, akasema, "Kumbe ndiyo haya tunayotilia maharage!" Nikamwambia ndiyo, shangazi, mlima umekuwa jikoni kwako miaka yote. Akakirudisha pale alipokiokota.

Mkitaka kupanda, mtaondoka usiku wa manane ili jua lisiwakute kwenye mteremko, maana bonde la Natron lina joto kali na mlimani hakuna kivuli wala maji. Njia ni ya majivu yaliyolegea na mawe makali, tena inasimama wima kadiri mnavyokaribia juu. Bebeni maji ya kutosha, tochi ya kichwani, fimbo na glavu. Raba nyepesi haifai. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo msimalize nguvu zote kileleni. Na kuna jambo la picha za zamani mitandaoni, zinazoonyesha watu wakitembea juu ya sakafu ya kreta. Msiende na matumaini hayo. Mlipuko wa 2007 na 2008 ulibadilisha kilele, na sasa kuna shimo refu lenye kuta wima. Ukingo wake unaweza kumeguka. Mwongozaji wa kijiji cha Engare Sero akisema mwisho ni hapa, mwisho ni hapo. Akisema leo hatupandi kwa sababu mlima unatikisika au mvua inakuja, lipeni usumbufu wake mkalale.

Nami nasema wazi: si lazima upande. Watu wenye presha, magoti mabovu au watoto wadogo watapata mengi zaidi chini. Kuna maporomoko ya Engare Sero, kuna ufuko wa Natron ambako heroe wadogo huzaliana kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ukoko wa magadi na tope linalochoma huwazuia fisi na mbweha kufika kwenye viota. Kuna pia nyayo zaidi ya 400 za watu zilizobaki kwenye tope la majivu, za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Simama nje ya uzio, angalia jinsi vidole vilivyochimba, utaona nani alikuwa anakimbia. Usitembee juu ya ukoko wa ziwa bila mwenyeji. Kwa juu unaonekana mgumu, chini ni tope la magadi linalobabua ngozi.

Kuhusu korongo lolote, hapo au kwingine: angalia mvua ya juu mlimani, siyo anga iliyo kichwani pako. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watalii ndani ya korongo la Hell's Gate kule Naivasha. Maji huteremka kutoka mbali na hayapigi hodi.

Mwende msimu gani? Juni hadi Oktoba barabara ya Engaruka na Natron inapitika vizuri. Masika makorongo yake hujaa na gari linaweza kulala njiani. Januari na Februari ni nzuri kwa anayetaka kuona nyumbu wakizaa juu ya majivu niliyoyataja. Ulizeni viingilio vya hifadhi na tozo za vijiji kabla ya kuondoka, ombeni risiti, na hakikisheni mwenyeji mliyemchukua analipwa mkononi mwake. Wazee na vijana wa kule wanaujua mlima kwa kuishi nao: wanajua harufu yake ikibadilika, wanajua mwaka ambao majivu yaliua malisho. Waulizeni hayo, nao watawaeleza, hasa mkianza kwa salamu na kuacha kamera mfukoni.

Mawe msibebe. Hata dogo. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na nje ya hifadhi fikiria wageni wote wa mwaka mmoja kila mmoja akiondoka na lake.

Kwa ambaye nauli ya kaskazini haijapatikana, usisubiri. Mwanza umezungukwa na mawe ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na watoto wanayakalia bila mtu kuwaambia. Iringa kuna nguzo za udongo na mawe za Isimila, pamoja na zana za mawe za watu wa kale. Tanga kuna mapango ya Amboni, yaliyochongwa na maji ndani ya chokaa ambayo zamani ilikuwa chini ya bahari. Hapo daladala au bodaboda inakufikisha karibu. Nenda Jumamosi asubuhi na mtoto mmoja mdadisi, mchukue mwongozaji wa mahali, na swali la kwanza liwe: hapa palikuwa nini kabla?