Kabla hujampa mtu kitabu kizito, muulize kwanza

Jumanne usiku nimepata meseji, naiweka hapa kama ilivyo maana mwenyewe kaniruhusu: "Dada, wewe ndo ulisema tusome Rosa Mistika. Nimefika pale Rosa anapokufa nimefunga kitabu, nimelia mpaka nimemwamsha mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja. Sijui nikushukuru au nikulaumu. Mtu anaandikaje kitu kama hiki, na wewe kwa nini unatupa?"

Anazungumzia riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Siku tatu sikumjibu. Nilikuwa naandika nafuta, naandika nafuta, mpaka nikaona hili jibu haliwezi kukaa kwenye meseji, na kuna kitu sijawahi kukisema hapa ambacho lazima nikiseme ndo jibu lieleweke.

Mnaonifuata mnajua mwaka huu nimeamua kusoma riwaya nzito tu, zile chungu ambazo wengi wanazikwepa. Tangu Januari nimemaliza vitabu tisa, na najivunia, maana mimi nafungua duka saa moja asubuhi nafunga saa kumi na mbili jioni na muda wangu wa kusoma ni kwenye daladala ya kutoka Mbagala na nusu saa kabla ya kulala. Vingi nimevipata kwa wale wauza vitabu wa pembeni ya barabara kule Posta, vingine vimeshachanika hata jalada hakuna. Kwa hiyo ukiniambia huna muda wa kusoma mimi sikuelewi kabisa, tuendelee.

Mimi nimezaliwa Mwanza, Kirumba, na mama yangu ni mtu wa Ukerewe. Namagondo, kijiji cha huko Ukerewe, kwangu ni mahali ninapopajua, tuna ndugu kule, nimevuka ziwa mara nyingi kwenda misibani. Ndo maana Rosa Mistika ilinishika vibaya. Mwandishi wake, mzee Kezilahabi, alizaliwa Namagondo hiyohiyo mwaka 1944, na kitabu kilipotoka 1971 alikuwa kijana wa miaka 27 tu, ameichukua familia ya Zakaria mlevi na mkewe Regina na mabinti zao, Rosa akiwemo, akaiweka kijijini kwake mwenyewe. Nilikisoma mara ya kwanza kwenye daladala nikapitiliza kituo changu, nikashuka mbele kabisa nikarudi kwa miguu jua linawaka na kitabu kiko mkononi kidole kimewekwa kwenye ukurasa.

Nikakipenda. Na mimi nikipenda kitu lazima nikigawe, hapo ndo kosa lilipoanzia.

Mwaka jana mwezi wa tano nilimtumia kitinda mimba wetu nakala yangu. Yeye yuko Mwanza, miaka 26, msomaji mzuri kuliko hata mimi. Sikumwambia kinahusu nini, nilimwandikia tu "soma hiki utanishukuru", nikampa mtu aliyekuwa anasafiri na basi. Baada ya wiki mbili kitabu kikarudi. Kimewekwa kwenye bahasha ya kaki, imepigwa stepla tatu, hakuna karatasi ndani hakuna salamu hakuna chochote. Nikampigia simu hapokei. Nikamwandikia, tiki mbili za bluu na kimya. Nikasema huyu mtoto kawa na jeuri, nikanuna na mimi. Karibu miezi sita hatukuongea zaidi ya "habari za nyumbani, nzuri", ndugu wa tumbo moja.

Siku moja nafuta vumbi kwenye rafu nikakiokota kile kitabu, kikafunguka chenyewe, ukurasa mmoja umekunjwa pembe. Mimi huwa sikunji kurasa, wote wanaonijua wanajua. Nikasoma. Ni ile sehemu ya mwanzoni ya barua ambayo Rosa ameandikiwa na mvulana, pale Zakaria anapompiga kwa ajili yake. Ile pembe ilikuwa imekunjwa ikakunjuliwa ikakunjwa tena, karatasi imeanza kukatika kwenye mstari wa mkunjo.

Nikakaa chini palepale dukani, mteja ananiuliza bei ya daftari namwangalia tu.

Maana nilikumbuka. Miaka ile niko chuo Morogoro mama alinipigia akasema mdogo wako anaumwa kidogo, malaria, asiende shule wiki hii. Nikasema mpe pole. Sikuuliza tena. Kumbe haikuwa malaria, baba alikuwa amekuta simu ya kitochi chini ya godoro lake ina meseji za kijana wa mtaa wa pili, akamtoa uani akampiga kwa mkanda majirani wakiangalia juu ya ukuta wa mabati. Alikuwa kidato cha tatu. Haya yote nimekuja kuambiwa na yeye mwenyewe nilipopanda basi kumfuata, maana baada ya ile pembe ya ukurasa sikuweza kukaa. Akaniambia, "Dada, nilidhani mama alikwambia. Nilipokiona kile kitabu nikasema dada anajua yote na hii ndo namna yake ya kunisema, kwamba na mimi mwisho wangu ni ule wa Rosa."

Jamani. Mimi nilimtumia kwa upendo, yeye akakipokea kama hukumu. Bado linaniuma, hata sasa ninapoandika linaniuma, na nadhani litaniuma miaka mingi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka chukua huu peke yake: kabla hujampa mtu kitabu cha namna hii muulize kwanza. Muulize anaendeleaje, lakini muulize kweli na usubiri jibu. Mwambie kitabu kina nini ndani, kwamba kuna kipigo, kuna mimba, kuna mtu anajiua. Wengine mtasema hapo umeharibu utamu. Utamu gani? Mtu aliyepitia yale haendi kutafuta utamu, anataka kujua kama anaweza kuingia na akatoka salama.

La pili, usisome usiku peke yako. Hili nimelijua kwa Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi. Nilikisoma kipindi nimeachishwa kazi sehemu fulani, sijafungua duka bado, niko chumbani mwenyewe, umeme wa mtaa unakatika kila jioni nasoma kwa tochi ya simu. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, kijijini si mwenzao tena na mjini hana raha, kila kitu anakiona hakina maana, halafu ndoa, halafu yule mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Mwisho anajiua. Wiki nzima nilikuwa nawaza kama Kazimoto, naongea kama Kazimoto, nilikuwa namjibu mama kwenye simu kwa maneno ya mkato kama yeye. Aisee, kitabu kinaingia. Kama hali yako ni ya chini kiweke pembeni, hakiozi, kimetoka 1974 na kitakusubiri. Na kama hali yenyewe ni mbaya zaidi ya hapo, achana na vitabu kabisa kwa sasa, mtafute mtu ukae naye umwambie.

Ukitaka kusoma usome mchana, watu wapo, na uwe na mtu wa kumsimulia.

Sasa nirudi kwa dada yangu wa meseji. Umesema umefunga kitabu pale Rosa anapokufa. Mdogo wangu, hujamaliza! Kezilahabi hakuishia pale. Kifungue tena uende mbele, kuna ile hukumu, mahali ambapo Rosa na baba yake wanakutana tena mbele za Mungu na safari hii baba naye anaulizwa. Mimi hizo kurasa nimezisoma mara nne. Humu duniani Rosa peke yake ndo aliyesemwa, ndo aliyeitwa kila jina, na Zakaria alikuwa baba tu, baba ni baba. Pale mwisho hakuna cha baba ni baba. Ukiishia kwenye kifo unabaki na kilio na unamchukia mwandishi bure, unaona kama amemuua binti wa watu kwa kusudi. Ushauri wa tatu basi ndo huo, nenda mpaka ukurasa wa mwisho.

Ninachowaambia mkisimulie kitabu kwa mtu, mimi na kitinda mimba tulifanya hivyo na ndo kilichotuponya. Tulichukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, yeye nakala yake Mwanza mimi yangu Dar, tunasoma sura moja moja halafu tunatumiana voisi noti. Nyingine zilifika dakika kumi na moja. Mle kuna Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, tajiri anayeheshimika huko nje, na ndani ya nyumba yake binti kafungiwa hajui hata nje kulivyo. Maimuna anatoka, anaangukia maisha mabaya ya mjini, vilabu na wanaume, na baba naye ufahari wake unaporomoka. Siku tuliyofika Maimuna anaondoka nyumbani nilipokea voisi noti ya sekunde nne tu, sauti ya mdogo wangu, "Dada, huyu katoka." Nikairudia labda mara ishirini.

Halafu tukaona kitu ambacho peke yangu nisingekiona. Rosa Mistika ni 1971, ni Ukerewe, ni Wakatoliki. Utengano ni 1980, ni Zanzibar, ni Waislamu. Lakini kufuli ni lilelile! Baba anafunga binti ndani akidhani anamlinda, hamfundishi chochote kuhusu dunia wala kuhusu wanaume, siku mlango unafunguka mtoto anatoka kama kipofu halafu wote wanamshangaa yeye. Tukachukua na Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel 2021, na humo tena baba! Yusuf ana miaka 12 anapandishwa treni na tajiri Aziz, ambaye mtoto anadhani ni ndugu yao, kumbe baba yake ana deni na yeye mtoto ndo malipo. Kitinda mimba akasema dada wewe unachagua vitabu vya kina baba, unajua hilo? Nilikuwa sijui.

Na hapa niseme na wazazi, maana najua mpo mnaosoma. Mnasema riwaya hizi zinaharibu watoto. Zinamharibu nani, mtoto ambaye ameshapigwa mkanda mbele ya majirani? Yeye kitabu hakimfundishi jipya, kinamwambia kuna mwingine yalimpata. Kaeni na watoto wenu. Binti akianza kukua mwambie mambo yalivyo kwa mdomo wako, usingoje ukute simu chini ya godoro. Ukiona anasoma kitabu kizito usikinyang'anye, kaa pembeni umuulize amefika wapi. Na nyie dada na kaka wakubwa tuliotoka nyumbani mapema, mkiambiwa mdogo wako ana malaria ulizeni mara ya pili.

Ndugu zangu wasomaji wa magrupu ya WhatsApp na nyie acheni hii tabia ya kushindana nani kasoma kitabu kinacholiza zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, najua raha ya kusema "hicho mbona chepesi". Upande wa pili kuna mtu anasoma maisha yake mle ndani. Muulizeni kwanza. Nalirudia kwa sababu ndo lililonigharimu.

Sikukuu iliyopita nilienda nyumbani, nikabeba ile nakala yenye pembe iliyokunjwa, kitinda mimba ndo aliiomba. Akaisoma sebuleni, mchana, mlango wazi, kisha akaiacha mezani akaenda jikoni. Baba akaiona. Akaishika akaigeuza akasema, "Hiki si ndo kile walichokipiga marufuku mashuleni? Mimi nilikuwa kidato cha pili." Tukanyamaza wote. Ni kweli kilikatazwa mashuleni enzi hizo, kuruhusiwa kulikuja baadaye sana. Baba akasema yeye hakuwahi kukisoma, waliokuwa nacho walikuwa wanakificha. Akavaa miwani akaanza ukurasa wa kwanza akiwa amesimama.

Nimerudi Dar, kitabu kimebaki kwake. Nimemuuliza mdogo wangu juzi baba amefika wapi, akasema hajui, ila jioni moja alimkuta amekaa nacho uani kimefungwa mapajani, baba akamwita mdogo wangu jina lake la utotoni, halafu akamwambia basi, nenda tu.

Dada uliyeniandikia, namba yangu unayo. Malizia zile kurasa za mwisho, kesho mchana, mwenzako akiwepo, halafu nipigie jioni nikishafunga duka.