Fegi laini, fegi kali na kuber: usiliulize koo

Sheikh wangu, umeuliza kama utoke kwa fegi ya pakiti nyekundu uhamie nyeupe ama ya menthol sababu kifua kimeanza kukubana, na kuna mwenzetu akakujibu bora uache moshi uingie kuber, ile tumbaku ya kutafuna. Nakujibu kwa urefu maana nimevuta miaka mingi, na fegi nimeziuza pia kwenye kibanda cha ami yangu pale Mwembe Tayari, Mombasa, na ukikaa nyuma ya lile dirisha ndio unajua watu wanavyochagua.

Mvutaji wa hapa kwetu huwezi kumsikia akitaja nikotini, ile inayoleta uteja, wala lami, ule uchafu mweusi wa moshi unaoganda kwenye mapafu. Yeye anazo kali, laini na baridi basi. Kali ni ile inakwaruza koo, wazee na makuli ndio zao, laini ni ya anayesema "mimi sivuti sana", na baridi ni menthol, inaulizwa na mwenye mafua ama aliyekula muguka, yale majani ya jamii ya miraa, mpaka mdomo umekauka. Na wengi wanaangalia rangi tu, nyekundu ni kali, nyeupe ama silva ni afadhali. Tena wakinunua moja moja hata pakiti yenyewe na onyo lake hawaioni, sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007 inataka pakiti isipungue sigara 10 lakini vibandani nyote mnajua mambo yalivyo.

Sasa ubaya ni kuwa anayeamua hapo ni koo, na koo halijui kinachofika kwenye mapafu. Chukua hiyo laini unayoitaka, imulike na tochi ya simu pale kwenye kichungi, utaona mstari wa vitundu vidogo sana vimezunguka karatasi. Hivyo vinaingiza hewa ichanganyike na moshi, koo linaona wepesi, na mashine ya kupima lami inasoma namba ndogo. Lakini mashine haina vidole wala midomo! Wewe unashika pale pale kwenye vitundu, unaziba, na usipoziba utavuta kwa nguvu na kushusha chini zaidi mpaka mwili upate dozi yake iliyozoea, ama badala ya moja utavuta mbili. Ukitaka kujijua tazama kipisi chako ukimaliza. Ukiona katikati ni kahawia na ukingoni kumebaki kweupe, hewa ilipita, ukiona kahawia mpaka ukingoni jua uliziba. Pale kibandani nilikuwa nafagia vipisi jioni na vya kahawia mpaka ukingoni vilikuwa vingi sana.

Marekani walikataza maneno kama "light" na "mild" kwenye pakiti tangu Juni 2010, sababu watu walikuwa wanahama kama unavyotaka kuhama wewe badala ya kuacha. Kampuni zikabaki na rangi, gold, silver, na mvutaji akaendelea kuelewa vile vile. Ripoti ya daktari mkuu wa huko ya 2014 ikaja kusema muundo wa sigara za kisasa umeongeza hatari ya adenokasinoma, hiyo ni kansa ya mapafu, na vichungi vya matundu vikatajwa kati ya vinavyoshukiwa. Kwa hivyo huo ulaini wenyewe ndio wa kuogopa, moshi usiokwaruza unashuka mbali.

Menthol ni hivyo hivyo. Ile baridi ni hisia tu ya neva, moshi ni moto ule ule ila koo limenyamazishwa. Kuna siku maskani tulizifunga karatasi fegi kufunika jina tukapeana, menthol kila mtu aliijua pafu la kwanza, lakini nyekundu na nyeupe ubishi haukuisha, jamaa aliyekuwa akiapa wallahi havuti ila aina moja akasifia nyingine kabisa. Ule uaminifu wetu kwa jina la fegi mwingi uko kwenye macho.

Kuhusu kuber, naomba mwenzetu asiwaambie watu hivyo. Mapafu yanapumzika ni kweli, lakini tumbaku ya kutafuna inaleta kansa ya mdomo, ya umio na ya kongosho, na uteja wake ni mzito. Wazee wetu walikuwa wanatia chokaa kwenye tambuu ya tumbaku, na ugoro unatiwa magadi, si kwa ladha peke yake, chokaa na magadi zinaifungua nikotini ipenye haraka kwenye ngozi ya mdomo. Shisha ndio usiitaje kabisa, maji yanapoza moshi hayausafishi, na mkaa unakuongezea monoksaidi ya kaboni, gesi ya sumu, juu yake.

Kwa hivyo wacha pakiti, jiulize ukiamka asubuhi unawasha ya kwanza baada ya muda gani. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Ikiwa ni ndani ya nusu saa, arosto yako, yaani mwili unavyoidai nikotini, ni kubwa hata kama unavuta ile nyeupe kuliko zote. Nenda famasi kubwa za mjini uulizie chingamu ya nikotini, wa ndani ya nusu saa anatumia ya miligramu 4, wa baadaye miligramu 2, na mweleze mfamasia dawa nyingine unazotumia. Usiitafune kama chingamu ya kawaida, itafune polepole mpaka iwashe kidogo kisha ibane kati ya shavu na ufizi, ikipoa utafune tena. Na kahawa ama soda weka mbali robo saa kabla na wakati iko mdomoni, zina asidi, zinafanya kinyume cha ile chokaa, nikotini haipenyi na utasema chingamu haifanyi kazi. Hicho kifua nacho usikiache, kapimwe wiki hii hii.