Klabu ya majarida ianzie wodini

Klabu yetu ya majarida, yaani kikao cha wahudumu wa hospitali cha kusoma na kujadili makala za utafiti wa tiba, ilikufa mara mbili kabla haijasimama. Daktari mmoja alikuja na slaidi zake, akazisoma hadi mwisho huku wengine tukisinzia, na wauguzi, ambao ndio wanaokesha na mgonjwa, hawakuulizwa neno. Daktari William Osler alipoanzisha klabu ya namna hii katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1875, alitaka wenzake wachangie kununua majarida ambayo mtu mmoja asingeyamudu. Sisi tulikuwa tumeigeuza mhadhara.

Ilifufuka siku tulipobishana wodini juu ya mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi, ambaye ukimbonyeza kidole rangi inachelewa kurudi: je, afunguliwe dripu kwa kasi? Wiki iliyofuata tulisoma jaribio la FEAST, utafiti wa kupima kama kuwapa maji ya dripu kwa kasi watoto wa aina hiyo kunawasaidia, lililofanyika Kenya, Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2011. Miongoni mwa watoto 3,141 waliokuwa katika kundi kuu, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa takribani asilimia 10.5 ya waliopewa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Wengi wetu tuliduwaa, na mmoja akataka tubadilishe utaratibu kesho yake.

Hapo muuguzi mmoja, kidole kikiwa juu ya ukurasa unaoeleza mbinu za utafiti, akauliza: "Hawa wa kuhara wamo?" Hawakuwamo, watafiti walikuwa wamewaacha nje watoto wenye kuhara na kutapika pamoja na wenye utapiamlo mkali. Laiti tungeishia kwenye muhtasari, huenda tungemnyima maji mtoto anayeyahitaji kuliko wote.

Kwa hiyo nakushauri uchague makala inayojibu ubishi wa wiki hiyo, uigawe siku kadhaa kabla, na uanze kuisoma kwa kuuliza nani waliingizwa na nani waliachwa, kwani hitimisho linaweza kusubiri. Anayeongoza asiwe mkuu wa idara (wakuu hupenda kujibu kabla swali halijakwisha). Kama hospitali haina fedha za majarida, ulizia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzifikishia majarida taasisi za nchi zenye kipato kidogo.

Mwishoni huwa tunaandika katika daftari kitakachobadilika, atakayekisimamia na siku ya kukikagua. Kuna miezi tunaandika kwamba hatubadilishi chochote, nasi hukihesabu kikao hicho kuwa kimefanya kazi yake.