Mbegu Ikishatoa Mzizi, Usiianike Tena

Mwaka juzi, kaskazi imepamba moto na mvua haina dalili, mteja akanipigia simu: ile miche mia mbili ya mikwaju aliyoagiza tuisogeze mbele kidogo. Mimi huku Mikindani nishakwaruza mbegu, nishaziroweka, zimelala kwenye gunia bichi siku nane. Nilipolifunua, karibu zote zimechungulia kimzizi cheupe, hakizidi punje ya mchele.

Nikazianika uani siku mbili, nikazirudisha koponi. Si zilikuja kavu? Zitarudi kavu. Wiki tatu baadaye nikaziroweka upya, zikavimba nikafurahi, kisha zikaingia ukungu. Nikapasua moja kwa wembe: ndani bado nyeupe, ila ncha ya kile kimzizi imekuwa rangi ya strungi.

Mbegu ya mkwaju ikikomaa hujiandaa kukauka. Seli zake hujaza sukari na protini za kinga, DNA, zile nyuzi zenye maelekezo ya uhai, hubanwa, shughuli husimama. Hata hivyo DNA huchakaa pole pole humo koponi, ndiyo maana mbegu ikinywa maji, seli huanza kwa kukarabati nyuzi zilizokatika kabla ya kufikiria kukua. Baadaye ndipo hunakili DNA ili zigawanyike, hasa pale nchani mwa mzizi, na kinga ya ukavu inakuwa ishaondoka. Ukianika saa hiyo, nyuzi zinakatika na fundi wa kuzishona naye kakauka. Seli za juu kidogo, ambazo hazijaingia kwenye pilikapilika hizo, huweza kupona. Mbegu zangu tatu zilitoa vijizizi vya ubavuni, zikawa miche iliyopinda kama ndoana.

Kwa hiyo angalia mzizi, usihesabu siku. Umeroweka usiku mmoja na hakijatokeza kitu? Anika kivulini, nyingi zitapona. Kimetokeza? Hakuna kurudi nyuma: zifukie kwenye unga wa mbao wenye unyevu, kivulini, uhamishie kwenye mifuko kabla mzizi haujajikunja.

Kokwa la embe hilo usilianike kabisa, iwe ngowe au boribo. Halikuumbwa kukaa kavu. Lipande ndani ya siku chache. Fenesi vivyo hivyo.

Mbegu ya mchu, ule mti wa mikokoni, ndiyo mdekezi kupita zote. Ikidondoka mtini tayari imeshaanza safari ya kuota, na ikipoteza maji kidogo tu, uwezo wake wa kukarabati DNA unayumba. Kwa macho utaiona nzima, kijani kabisa. Tulikuwa tukizibeba kwenye ndoo wazi juani, halafu tunawalaumu kaa kwa miche isiyosimama. (Kaa nao wana makosa yao, sikatai.) Siku hizi tunafunika kwa gunia lililochovywa maji ya bahari na kupanda mapema iwezekanavyo.

Yule mteja alikuja masika yalipoanza. Nilimpa mikwaju niliyonunua kwa jirani, kwa bei ya jirani.